Kasi ya Marathoni Ipangwe Daftarini Kabla ya Siku ya Mbio

Kila mwaka, majuma machache kabla ya marathoni ya Nairobi, vijana wa Kibera na Kawangware huonekana alfajiri wakikimbia kandokando ya Ngong Road, Naivasha Road na Southern Bypass, kabla matatu na bodaboda hazijazijaza njia hizo. Miongoni mwao wamo wanafunzi wa vyuo, vijana waliomaliza kidato cha nne juzi, na hata walimu wao. Ni jambo la kupongezwa, kwa maana mitaa hiyo haina viwanja vya kutosha, na anayefanya mazoezi huko huyafanya kwa jitihada zake mwenyewe. Hata hivyo, ukiwauliza wengi wao watakimbia kwa kasi gani siku ya mashindano, watakujibu kwamba watatoka mbele, na kwamba mengine watayajua huko huko njiani.

Twaamini kwamba jibu hilo ndilo chanzo cha masikitiko mengi. Kijana aliyejiandaa kwa miezi minne, na ambaye ada yake ya usajili huenda ilitokana na mchango wa jamaa na majirani, hukimbia kilomita 10 za kwanza kana kwamba ametumwa kuzima moto. Afikapo kilomita ya 30, miguu imekuwa mizito kama magogo. Anatembea, anaketi ukingoni mwa barabara, na pengine anachukuliwa na gari la wagonjwa. Anarudi nyumbani akiamini kwamba riadha ni ya watu wa Bonde la Ufa, na kwamba yeye, mtoto wa mtaa wa mabanda, hakujaliwa kipawa hicho. Mwaka unaofuata hajisajili tena. Ilhali miguu yake ilikuwa na uwezo wa kumfikisha mwisho. Kilichokosekana ni hesabu.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Nguvu za mkimbiaji ni mali, tena mali isiyoweza kuongezwa sana mtu akiwa tayari barabarani. Yafaa basi mkimbiaji aamue kasi yake mapema, aiandike, aizoee katika mazoezi, na asiibadilishe kwa sababu ya kelele za watazamaji au kiburi cha asubuhi. Kazi ya kumfundisha hivyo ni ya mwalimu, na haihitaji fedha wala vifaa vya kuagizwa kutoka nchi za ng'ambo.

Hebu tuanze na mwili wenyewe, maana walimu wa Biolojia wanaweza kulieleza jambo hili vizuri zaidi kuliko mtu mwingine yeyote. Mwili huweka akiba ya wanga katika misuli na katika ini, kwa namna iitwayo glaikojeni. Kwa mtu wa wastani akiba hiyo hutoa takriban kalori 2,000. Mkimbiaji naye hutumia takriban kalori moja kwa kila kilo ya uzito wake katika kila kilomita. Kwa hiyo mtu mwenye uzito wa kilo 60 atatumia kalori 2,500 hivi katika kilomita 42.195 za marathoni. Pengo linalobaki huzibwa hasa na mafuta ya mwilini. Mafuta hayo yapo kwa wingi hata katika mwili wa mtu mwembamba, lakini huchomwa polepole na huhitaji oksijeni nyingi zaidi. Anayekwenda kwa mwendo wa kadiri huchoma mafuta na wanga kwa pamoja, na akiba yake humtosha. Anayekwenda kasi kupita uwezo wake huchoma wanga kwa pupa, na akiba hiyo aghalabu humwishia kati ya kilomita ya 30 na ya 35. Ujasiri hauwezi kuirudisha. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Historia ya riadha katika Afrika Mashariki inao ushahidi wa jambo hili. Juma Ikangaa wa Tanzania alikuwa hodari wa kutoka mbele. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Brisbane mwaka wa 1982, yeye na Mtanzania mwenzake, Gidamis Shahanga, waliwaacha wenzao mbali sana. Robert de Castella wa Australia hakuwafuata kwa papara. Alilipunguza pengo lile kidogo kidogo, akamfikia Ikangaa katika kilomita za mwisho, na akashinda kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 18. Ikangaa alifika sekunde 12 baadaye. Huko Boston, Ikangaa alimaliza wa pili mara tatu mfululizo, mwaka wa 1988, 1989 na 1990. Mwaka wa 1988 Ibrahim Hussein wa Kenya alimshinda kwa sekunde moja tu. Mwaka wa 1990 Ikangaa aliimaliza nusu ya kwanza kwa kasi kubwa mno, na Gelindo Bordin wa Italia, aliyekuwa bingwa wa Olimpiki wa 1988, akampita baadaye na kumaliza dakika moja na nusu mbele yake. Hatuyasemi haya ili kumdunisha Ikangaa, ambaye alishinda marathoni ya New York mwaka wa 1989 na ambaye jina lake litaheshimiwa daima. Twayasema kwa sababu hata mwanariadha wa kiwango chake aliweza kulipia mwishoni kasi aliyoitumia mwanzoni.

Sasa tutazame namna rekodi kubwa zilivyowekwa. Mnamo Septemba 2003, Paul Tergat aliweka rekodi ya dunia mjini Berlin kwa saa 2, dakika 4 na sekunde 55. Nusu ya kwanza aliikimbia kwa dakika 63 na sekunde 1. Nusu ya pili kwa dakika 61 na sekunde 54. Dennis Kimetto alipoivunja rekodi ya dunia katika mji huo huo mwaka wa 2014, nusu yake ya kwanza ilichukua dakika 61 na sekunde 45, na ya pili dakika 61 na sekunde 12. Eliud Kipchoge, mwaka wa 2018, alitumia dakika 61 na sekunde 6, kisha dakika 60 na sekunde 33. Marehemu Kelvin Kiptum, alipokimbia Chicago mwezi Oktoba 2023 kwa saa 2 na sekunde 35, alitumia dakika 60 na sekunde 48 katika nusu ya kwanza na dakika 59 na sekunde 47 katika ya pili. Naye Brigid Kosgei, aliyeweka rekodi ya dunia ya wanawake Chicago mwaka wa 2019 kwa saa 2, dakika 14 na sekunde 4, alizigawa nusu zake mbili kwa tofauti ya sekunde 6 pekee.

Mwanafunzi akiziandika tarakimu hizo ubaoni ataona jambo moja waziwazi. Wanne kati ya hao watano walikimbia nusu ya pili kwa kasi zaidi kuliko ya kwanza, na wa tano alikaribia kuzilinganisha. Kipchoge mwenyewe alijaribu njia nyingine mjini Berlin mwaka wa 2022. Alikimbia nusu ya kwanza kwa dakika 59 na sekunde 51, na ya pili ikamchukua dakika 61 na sekunde 18. Naam, aliweka rekodi mpya ya dunia. Lakini nusu ya pili ilimgharimu sekunde 87 zaidi, naye ni mtu aliyekuwa na uzoefu wa miaka mingi katika masafa hayo. Kijana anayekimbia marathoni yake ya kwanza hana uzoefu wa namna hiyo wa kumwokoa.

Tunajua hoja ambayo wengi watatujibu nayo. Watatuuliza: Je, Samuel Wanjiru? Katika Olimpiki ya Beijing ya 2008, licha ya joto kali, Wanjiru alikwenda kwa kasi tangu mwanzo, akawachosha wapinzani mmoja baada ya mwingine, na akawa Mkenya wa kwanza kuipatia nchi hii dhahabu ya Olimpiki katika marathoni. Aliivunja rekodi ya Olimpiki iliyokuwapo tangu 1984 kwa kumaliza kwa saa 2, dakika 6 na sekunde 32. Vijana wengi huutaja mfano huo kuthibitisha kwamba ushujaa ndio mpango bora.

Hoja hiyo ina uzito, na haifai kupuuzwa. Lakini tuichunguze kwa tarakimu. Wanjiru alipita nusu ya safari kwa dakika 62 na sekunde 34. Mwaka mmoja kabla ya hapo, katika mji wa The Hague nchini Uholanzi, alikuwa amekimbia nusu-marathoni kwa dakika 58 na sekunde 33, rekodi ya dunia wakati huo. Maana yake ni kwamba ile kasi iliyowatisha walimwengu ilikuwa polepole kwa dakika 4 kuliko uwezo wake katika masafa hayo. Wapinzani wake ndio waliokuwa wakikimbia kwa kasi isiyokuwa yao. Hata hivyo, nusu yake ya pili ilikuwa polepole kwa sekunde 84 kuliko ya kwanza. Basi kijana wa Kawangware anayetaka kumwiga Wanjiru amwige sawasawa: nusu yake ya kwanza aikimbie polepole kwa dakika kadhaa kuliko anavyoweza kukimbia nusu-marathoni peke yake.

Hapa ndipo tunapofikia jambo ambalo twalitaka walimu walifundishe. Kasi ya mkimbiaji hutokana na uwezo wake mwenyewe uliopimwa. Haitokani na mtu aliye mbele yake, wala na tamaa aliyolala nayo. Kipimo kilicho rahisi ni nusu-marathoni iliyokimbiwa mwezi mmoja au miwili kabla ya siku kuu. Peter Riegel, mhandisi wa Marekani, alitoa katika miaka ya 1970 kanuni ambayo bado hutumiwa na makocha wengi. Kwa mujibu wa kanuni hiyo, mtu akizidisha masafa mara mbili, muda wake huzidi kwa takriban mara 2.085, kwa sababu uchovu huongezeka. Anayekimbia nusu-marathoni kwa saa 2 asijidanganye kwamba atamaliza marathoni kwa saa 4. Makadirio yake ni saa 4 na dakika 10, na kama ni mara yake ya kwanza, ni busara kuongeza dakika 5 zaidi.

Tuchukue basi lengo la saa 4 na dakika 15. Ukigawa dakika 255 kwa kilomita 42.195 utapata dakika 6 na sekunde 3 kwa kila kilomita. Mkimbiaji wetu aanze kwa dakika 6 na sekunde 15 katika kilomita 5 za kwanza. Atakuwa amechelewa kwa dakika moja tu, na dakika hiyo ataipata tena kwa kuongeza kasi kwa sekunde 2 kwa kila kilomita katika kilomita 30 zinazofuata. Hakuna mwili utakaozihisi sekunde 2. Kilomita 7 za mwisho na kipande kinachobaki ataziendea kwa nguvu alizosaza. Asipokuwa nazo, aushikilie mwendo ule ule.

Mwenzake aliye na uwezo sawa na wake, lakini ambaye anataka kujiwekea akiba ya muda, ataanza kwa dakika 5 na sekunde 33. Baada ya kilomita 10 atakuwa ametangulia kwa dakika 5, na atajiona mshindi. Lakini nguvu zikimwishia kwenye kilomita ya 35 na akalazimika kutembea kilomita 7 kwa dakika 10 kila moja, atapoteza karibu dakika 28. Amenunua dakika 5 kwa bei ya dakika 28. Mwanafunzi yeyote wa Hisabati akiulizwa kama hiyo ni biashara, atacheka. Yafaa acheke akiwa darasani badala ya kulia akiwa barabarani.

Baadhi ya walimu watasema kwamba vijana wao hawana saa za kisasa zinazopima masafa, na kwamba shule nyingi za Kibera, hasa zile zisizo rasmi, hazina hata uwanja. Ni kweli. Lakini kasi inaweza kufundishwa kwa kamba na kwa simu ya mwalimu. Pima mita 100 za njia iliyonyooka kwa kamba au kwa utepe wa fundi. Kwa lengo tulilolitaja, mita hizo zinapaswa kukimbiwa kwa sekunde 36. Palipo na uwanja wa kandanda wenye urefu wa mita 105 na upana wa mita 68, mzunguko wake ni mita 346, na kila mzunguko unapaswa kuchukua dakika 2 na sekunde 6. Kijana akimbie mizunguko 10 bila kutazama saa, na mwalimu aandike muda wa kila mzunguko. Mara ya kwanza mzunguko wa kwanza utakuwa wa haraka mno na wa mwisho wa kuchelewa. Baada ya majuma kadhaa tarakimu zitaanza kufanana, na mwili utakuwa umejifunza mwendo wake kama mpiga ngoma anavyoujua mdundo. Kipo pia kipimo kisichohitaji chombo chochote: katika nusu ya kwanza ya marathoni mkimbiaji anapaswa kuweza kumwambia mwenzake sentensi nzima bila kukatizwa na kuhema. Asipoweza, apunguze mwendo papo hapo.

Mkimbiaji wa Nairobi anapaswa pia kuifahamu njia na hewa ya mji wake. Mji huu uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na oksijeni inayopatikana katika kila pumzi ni pungufu kwa karibu moja kwa tano ikilinganishwa na pwani. Berlin ni mji wa tambarare ulio chini ya mita 100. Kwa hiyo ni kosa kuzichukua kasi za Berlin na kuzipandikiza Nairobi. Marathoni ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka wa 2003, imebadilishiwa njia mara kadhaa, na katika miaka ya karibuni imeitumia Southern Bypass, barabara inayopita kusini mwa Kibera na kandokando ya Msitu wa Ngong Road. Ina kupanda na kushuka, na jua likishachomoza kivuli chake ni haba. Kijana wa Kibera ana nafasi ambayo mgeni hana: anaweza kuikagua barabara hiyo kwa miguu yake mwenyewe kabla ya siku ya mashindano. Aandike panapopanda na panaposhuka. Penye mwinuko aache sekunde zipotee na asishindane na kilima. Penye mteremko asijirushe, kwa maana mapaja yanayopigwa kwa nguvu kwenye miteremko ya mwanzo ndiyo yatakayokataa kwenda mwishoni.

Iko hoja nyingine, nayo inatoka katika umaskini. Kijana anasema kwamba asipoonekana mbele, hakuna kocha wala wakala atakayemtambua, na zawadi za fedha huwaendea wachache wa kwanza. Twamwelewa. Asiye na kitu hushawishika kuweka yote aliyonayo katika kilomita moja. Lakini makocha na mawakala husoma orodha ya waliomaliza na muda wao, na jina la mtu aliyeongoza kilomita 5 kisha akaacha mbio halimo katika orodha hiyo. Kuhusu zawadi, wanaume wanaoshinda hapa Nairobi huhitaji saa 2 na dakika 10 hivi, yaani dakika 3 na sekunde 5 kwa kila kilomita, mara 42 mfululizo. Mwalimu mwaminifu ampime kijana wake kilomita moja tu. Akiona kwamba hata hiyo moja hawezi kuikimbia kwa dakika 3 na sekunde 5, amweleze ukweli kwa upole, kisha wakae chini wapange lengo linalofikika. Anayeshusha muda wake kutoka saa 4 na dakika 15 hadi saa 3 na dakika 50 kwa mwaka mmoja amepiga hatua ambayo kocha yeyote ataitambua. Kumficha kijana ukweli huo kwa kumpigia makofi ni kumdhulumu.

Wala asiambiwe kijana wa Nairobi kwamba kuzaliwa kwake nje ya Bonde la Ufa kumemfungia mlango. Cosmas Ndeti, aliyeshinda Boston mwaka wa 1993, 1994 na 1995, anatoka Machakos. Douglas Wakiihuri, bingwa wa dunia wa marathoni mjini Roma mwaka wa 1987, alizaliwa Mombasa. Wanjiru alitoka Nyahururu. Kipawa kinapatikana kote nchini; kinachotofautiana ni malezi ya kipawa hicho.

Tungependa kusisitiza kwamba kilomita 42 si mzigo wa mtoto. Mwanafunzi wa shule ya upili aliye chini ya umri wa miaka 18 apelekwe katika kilomita 10, na huko pia apange kasi yake kwa njia hii hii. Mwalimu anayemsukuma mtoto wa miaka 15 katika marathoni ili jina la shule litajwe anauharibu mwili ambao ungeweza kuileta nchi hii medali baada ya miaka kumi.

Jambo jingine ambalo vijana wetu wanaweza kulifanya bila gharama ni kukimbia kwa vikundi. Wenye lengo moja, wawe wa Kibera au wa Kawangware, wajiunge watu watano au sita, mmoja akabidhiwe saa, na wengine wamtii. Hata mabingwa hawaendi peke yao. Kipchoge alipokimbia Vienna tarehe 12 Oktoba 2019 na kumaliza kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, muda usiohesabiwa kuwa rekodi rasmi, alisaidiwa na waweka kasi 41 waliopokezana, wakienda kwa dakika 2 na sekunde 50 kwa kila kilomita. Mjini Berlin mwaka wa 2003, Sammy Korir aliyekuwa mweka kasi alibaki na Tergat hadi mwisho na kumaliza sekunde moja nyuma yake. Aliye katika kikundi husaidiwa pia na aibu njema: akitaka kuchomoka mbele kwa kiburi, wenzake watamwita arudi.

Waandaaji nao wana wajibu. Ramani ya njia, ikionyesha miinuko yake yote, itolewe majuma mengi kabla ya siku ya mbio, na ifikishwe shuleni. Alama za kila kilomita ziwe kubwa na ziwekwe mahali sahihi, kwa maana asiye na saa ya kisasa hutegemea alama hizo pekee. Waweka kasi wenye bendera wapangiwe pia wale wa saa 4, saa 4 na nusu, na saa 5, badala ya kuwajali mabingwa peke yao. Serikali ya Kaunti ya Nairobi nayo ikumbuke kwamba mazoezi ya alfajiri kando ya barabara yenye magari yana hatari zake. Kiwanja kimoja chenye taa na ulinzi katika Kibera, na kingine Kawangware, kingewafaa vijana wengi kuliko hotuba kumi kuhusu vipawa.

Lakini hata kabla ya kiwanja hicho kujengwa, kazi inaweza kuanza Jumatatu asubuhi. Mwalimu wa michezo aombe kipindi kimoja kwa mwenzake wa Hisabati. Kila mwanafunzi aandike katika daftari lake muda wake wa kilomita 5 au 10, akokotoe kasi yake, na apange kilomita zake moja moja hadi mwisho. Wale watakaokwenda kwenye mashindano wakunje karatasi hiyo, waitie mfukoni, na waifuate. Wakati wenzao wakiwapita kwa vishindo katika kilomita ya 3, waiguse karatasi hiyo na kuendelea na mwendo wao. Wengi wa waliowapita watakutana nao tena mbele ya safari, baada ya kilomita ya 30.